Askari Mmoja Aliye Kazini

Mheshimiwa Thornby, mbunge wa Georgia, alikuwa na wimbo mmoja, na mwaka ule mzima niliusikia mpaka nikauchukia. "Bibi Mapp, niletee askari mmoja wa jimboni kwangu, aliye kazini, anilalamikie mwenyewe. Hapo nitaupigia kura mswada wenu."

Angekuja nani? Sheria ambayo mswada wetu ungeifuta ilisema jeshi halitakuuliza unampenda nani, nawe, ukiwa mwanamke unayempenda mwanamke mwenzio, usiseme. Ukisema, umejifukuza. Mimi nilifukuzwa hivyo baada ya kuuguza majeruhi miaka mingi, ndiyo maana nilikuwa nikizunguka ofisi za wabunge pale Washington, viatu vinanibana, nikiwaomba kura watu wanaonipa karanga. Ofisi za Georgia hazikosi karanga za mgeni. Majibu ndiyo zinayokosa.

Mwenzangu Corliss alikuwa bado sajenti, fundi wa injini za ndege, na pensheni yake haikuwa mbali. Siku moja alikuwa likizo, akanisindikiza kwa Mheshimiwa na gauni lake la kanisani. Tulikubaliana nimtambulishe kama rafiki, naye akae kimya.

Mheshimiwa akaanza wimbo wake. "Mbona hawaji? Asiyelalamika hana shida, mama."

"Wamefungwa midomo, mheshimiwa!"

"Hayo unasema wewe."

Corliss akasogeza kiti mbele. "Basi mimi hapa. Sajenti Haskett, wa kambi ya hapo hapo kwenu. Na huyu si rafiki yangu. Huyu ndiye ninayeishi naye."

Nilitamani nimzibe mdomo, lakini maji yalikwisha mwagika. Mzee akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamemlowa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Una moyo, binti yangu," akamwambia.

Kwenye ngazi nikamfokea. "Wee Corliss, una wazimu?"

"Nimechoka kuwa rafiki yako, Verlene."

Sasa, wabunge wana desturi yao: wakikutana na askari wa nyumbani aliyewagusa, hupiga simu kwa mkuu wake kumpongeza. Mheshimiwa akamwagiza katibu wake, mama mmoja mwenye adabu zake, apige. Akapiga. Akamsifu Corliss kwa ujasiri wa kusema wazi mambo ya maisha yake. Kamanda akauliza, mambo gani? Yule mama akamweleza yote.

"Nilidhani namtendea wema," akaniambia baadaye kwa simu, analia. Wema gani huo! Nikamkatia.

Corliss akatolewa jeshini, na pensheni ikapotea. Asubuhi aliamka saa ile ile ya kazi, akakaa jikoni bila pa kwenda. Nilishindwa hata kumtazama.

Kura ilipokaribia tukarudi wote wawili. Mheshimiwa akatuomba radhi, na aliimaanisha.

"Radhi hailiwi," nikamwambia. "Ahadi ni deni. Ulitaka askari, nikakuletea."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nielewe, Bibi Mapp. Jimboni wataniuliza huyo askari wangu yuko wapi. Nilisema aliye kazini." Akamtazama Corliss kwa huruma ya kweli kabisa, kisha akanigeukia. "Huyu hayuko kazini tena. Huna mwingine?"