Tuta la Nyuma ya Nyumba

Kiden aliporudi kijijini Gumbo mwaka sabini na tatu, vita vilipokwisha, kutoka ukimbizini Uganda, alikuta tuta laini nyuma ya nyumba ya baba yake. Nani angekataa tuta la bure? Akapanda viazi vitamu, navyo vikanona kama mapaja ya mtoto. Jirani yao wa zamani, Mzee Loro, aliporejea kutoka Nesitu alikokimbilia, Kiden alimwandalia sahani iliyojaa viazi hivyo.

"Vitamu, binti yangu. Umelima wapi?"

"Hapo nyuma, mzee. Kula, halafu uniambie baba alikimbilia wapi."

Loro alikitema kiazi kiganjani. Akamtazama Kiden, ambaye mdomo wake ulikuwa bado umejaa.

"Baba yako hakukimbia," alisema. "Nilimzika kwa mikono yangu, hapo nyuma."