Hulda Aliyekata Mikalitusi

Kiangazi kile kilipozidi, chemchemi ya kijiji cha Kalunguta ilikauka kabisa. Wanawake wakawa wanashuka hadi mtoni, wanapanda na bidoni za maji mgongoni, kamba ikiwakaza paji la uso.

Hulda, mjane anayelima maharagwe, alisimama siku moja akatazama kilima juu ya chemchemi. Mikalitusi yote pale ilipandwa na marehemu mume wake, ije kuwa mbao za nyumba yao. Lakini Hulda alijua jinsi miti ile inavyokunywa maji. Mama mkwe wake alimsimulia kwamba zamani pale palikuwa na mitoma mikubwa, miti ya jamii ya mikuyu, na maji hayakukatika hata mwezi wa saba. Mitoma ikachomwa makaa.

Jumatatu akapanda na shoka.

Melchior, mdogo wa marehemu, mpasua mbao, alikuja mbio.

"Shemeji! Unakata miti ya kaka yangu? Haiyakomala hata!"

"Aliipanda juu ya batoto, bapate nyumba," Hulda akajibu, shoka halikupumzika. "Sasa batoto banakosa mayi. Batakunywa mbao?"

Melchior akaondoka na hasira. Hata mlangoni mwa kanisa hakumsalimia tena.

Hulda alikata, akang'oa visiki, akapanda vipande vya mitoma na matete. Mwaka wa kwanza halikutoka hata tone la maji. Alilia mara moja tu, shambani, kisha akaendelea kupalilia. Mwaka wa pili udongo ukalowa. Mwaka wa tatu, katikati ya kiangazi, maji yakatoka, membamba kama kidole, halafu manene kama mkono.

Kijiji kikajenga ukuta wa saruji kuyakinga maji. Chifu akataka jina la kijiji liandikwe pale.

"Hapana!" wanawake wakapaza sauti. "Andika Hulda!"

Aliyeokota msumari ni Melchior. Akapiga magoti mbele ya saruji mbichi, akaandika polepole, herufi kubwa. Kisha akainua macho.

"Shemeji, unisamehe. Na ile mikalitusi yangu ya kule kwa mto, tutaanza kuikata lini?"

"Kesho asubuhi," Hulda akasema. "Lakini ongeza neno moja hapo: mitoma hii isikatwe."

Akaongeza. Hulda akasogea mbele ya kijiji kizima, akayasoma maneno yote kwa sauti, jina lake likiwa la kwanza.