Macho ya Victoire Mbele ya Mkaguzi

Swali la tatu lilipita, na Victoire bado ameyabandika macho kwenye magoti yake.

"Nionyeshe kijiko," mkaguzi alirudia kwa Kiingereza. Alikuwa Bi. Nkabinde, aliyetumwa na shule ya watoto wenye ulemavu iliyobakiwa na nafasi moja tu kwa mwaka ujao. Mbele yake alikuwa ameshika ubao wa plastiki inayoonyesha upande wa pili kama kioo cha dirisha, wenye picha nne kwenye pembe zake. Mtoto asiyeweza kusema wala kunyoosha kidole huitazama picha aliyoulizwa, na mkaguzi, akiwa nyuma ya ubao, huyafuata macho yake. Victoire, mwenye miaka tisa na mtindio wa ubongo, hakutazama kijiko. Hakutazama chochote.

Bi. Nkabinde akaandika sifuri.

Wamaitha alikuwa pembeni, ameikalia mikono yake. Masharti aliambiwa mlangoni: asiseme, asimguse mtoto, asitoe ishara. Akivunja, itaandikwa kwamba mtoto amesaidiwa, na hapo nafasi inaweza kupotea.

Alikuwa Mkenya, amekuja Johannesburg kusomea teolojia, na kila Jumanne na Alhamisi alijitolea katika kituo hiki cha mtaa wa Berea kulisha watoto, kuwafuta mate na kusukuma viti vyao. Walipopumzika, alijisomea Kigiriki chake kando ya Victoire, maneno ya Agano Jipya aliyoyaandika kwa kalamu nene kwenye vipande vya maboksi ya viatu. Wiki chache baadaye aligundua kwamba mtoto anajifunza naye. Akishika kadi mbili na kuuliza mkate ni upi, macho ya Victoire yaliruka kwenye *artos* kabla yeye mwenyewe hajakumbuka. Wamaitha akikosea, Victoire alicheka mpaka kiti kikatikisika.

"Dada, mutihani yako ya Kigiriki tumutume huyu," Marcelline, mama yake Victoire, msusi kutoka Bukavu, Kongo, alikuwa akimtania.

Sasa Marcelline alikaa karibu na mlango, amevaa kitenge cha kanisani, midomo ikienda bila sauti.

"Nionyeshe mbwa."

Sifuri.

Wamaitha aliinama kidogo ili aone anachokiona Victoire. Plastiki, picha nne, na katikati yake, karibu kabisa, uso wa Bi. Nkabinde na miwani yake. Ndipo akakumbuka Marcelline alivyomwambia binti yake asubuhi ile, akimfunga utepe wa nywele: "Leo heshima, Victoire. Mama ule ni mukubwa. Usimuangalie mu macho." Kadi za maboksi huuficha uso wa anayezishika. Ubao huu haukuficha kitu.

Mtoto alikuwa anatii.

"Limebaki moja, halafu nafunga," alisema Bi. Nkabinde.

Wamaitha aliitoa mikono aliyoikalia. Juzi tu mhadhiri alimsubiri dakika nzima asome mstari mmoja wa Kigiriki mbele ya darasa, naye akaishia kutazama sakafu.

"Samahani, Madam."

Kalamu ikasimama. "Nilikwambia nini?"

"Najua. Andika kwamba nimesema. Lakini anakuheshimu. Kwao mtoto hamkazii mkubwa macho, na uso wako uko katikati ya picha."

Bi. Nkabinde aliugeuza ubao, akautazama. "Siwezi kuubadilisha. Watoto wote hupimwa kwa huu." Akaiweka kalamu chini. "Mama yake anaweza kumwambia neno moja. Halafu mnyamaze nyote."

Wamaitha akamweleza Marcelline. Marcelline hakuinuka.

"Dada, unaniomba nini?" alinong'ona. "Toka anazaliwa watu wanasema huyu mutoto hana akili. Hata mu kanisa. Heshima ndiyo kitu nilimufundisha, na akashika. Sasa nimuambie aache, mbele ya mugeni?"

"Anaandikiwa sifuri, Mama Victoire. Kwa sababu anakutii."

Marcelline aliitazama ile karatasi kwa mbali. Kisha akaja, akapiga magoti mbele ya kiti, akanyoosha mkono kuelekea kidevu cha mtoto, akaurudisha.

"Victoire. Muangalie mama huyu. Ni mimi nasema."

Shingo ya Victoire ikakakamaa. Kichwa kikaenda kushoto, kikarudi, kikalala begani. Bi. Nkabinde akaanza kuushusha ubao, akaghairi. Macho yalikuwa yanapanda, polepole: kifungo cha blauzi, kidevu, miwani. Yakasimama hapo. Wamaitha akauma mdomo.

"Kikombe," alisema Bi. Nkabinde kwa upole.

Macho yakahamia pembe ya chini, kulia. Kikombe.

Akayarudia maswali yote. Kijiko. Mbwa. Aliyelala ni yupi, kisichofaa kuliwa ni kipi. Victoire alikosa moja tu, na mate yalimtiririka hadi kifuani bila mtu kuthubutu kuyafuta.

"Nitaandika kwamba ulisema," Bi. Nkabinde alimwambia Wamaitha. "Nitaandika na sababu." Akazikata zile sifuri kwa mstari mmoja mrefu. "Mlete Januari."

"Anasema nini?" aliuliza Marcelline.

Wamaitha alifungua kinywa, machozi yakamtangulia, ikabidi aanze upya. "Januari anaanza shule."

Marcelline akajishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akaona binti yake bado amemkazia mkaguzi macho, aibu ikamjia.

"Basi, Victoire, inatosha. Shusha macho."

Victoire hakushusha.