Gari Lililokataa Kilima

Lori la saruji lilikuwa likipanda kilima kwa kujikongoja, na fundi miwani, katika gari lake, alikuwa amelifuata nyuma mpaka uvumilivu ukamwisha. Alichungulia pembeni mwa lori, akaona barabara nyeupe mpaka kwenye kona. Akashusha gia, akawasha indiketa, akatoka.

Gari lilinguruma lakini halikuchomoka. Lilisogea ubavuni mwa lori kama mtu anayesukuma kabati zito peke yake, likapita magurudumu ya nyuma, likafika katikati, likanasa hapo, halipiti wala halibaki. Kwenye kona likatokeza basi.

"Kanyaga," mama yake alisema kutoka kiti cha pembeni. Kisha kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia: "Kanyaga mwanangu, kanyaga!"

"Nimekanyaga mpaka mwisho, mama."

Basi liliwasha taa na kushikilia honi. Fundi miwani akaachia mafuta, akakanyaga breki, akaliachia lori litangulie, akajichomeka nyuma yake huku basi likipita kwa upepo uliolitikisa gari zima. Kwenye buti, masanduku ya fremu na lenzi yaligongana kwa kishindo.

Kilima kilipoisha alisimama kando ya barabara. Akazima injini.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani. Lilimfikia kutoka kwa mjomba wake, mdogo wa mama, aliyekuwa amelinunua likiwa tayari limetumika kwa watu asiowajua. Mwanzoni lilikuwa na nguvu za kumtosha. Alizunguka nalo shule na zahanati za miji ya jirani, akipima macho na kuuza miwani, na lilipanda vilima bila manung'uniko. Lakini tangu mvua za mwaka uliopita lilikuwa limezeeka ghafla. Mjini halikuwa na neno. Likiingia barabara kuu, hasa penye mwinuko, linakuwa kama limefungwa kamba kwa nyuma. Kila fundi alikuwa na lake. Wa kwanza alibadilisha chujio la hewa, wa pili plagi, wa tatu akasema ni pampu ya mafuta, ikaja pampu nyingine. Gari likabaki lile lile, na yeye akaanza kuamini kwamba ni uzee tu, na uzee hauna dawa.

"Turudi nyumbani," mama alisema. "Mjomba wako alitazame."

"Mama, mjomba anachomelea mageti. Anajua nini habari za injini?"

"Alitazame tu."

"Na mama mdogo, dada yako, anayetusubiri akiwa mgonjwa? Tutatafuta fundi hapo mbele. Leo sitoki gereji mpaka niambiwe gari hili lina nini."

Kutoka hapo mama alikaa ameshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili, akitazama miguu ya binti yake.

Gereji waliyoipata ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, paa la mabati juu ya nguzo nne na sakafu nyeusi kwa oili. Fundi wake walimwita Bisibisi, kwa sababu alikuwa mwembamba, mrefu, na haachi kuzunguka. Alimsikiliza fundi miwani mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mjini linakwenda?"

"Linakwenda vizuri."

"Linakatakata? Linakohoa? Moshi?"

"Hapana. Linanguruma tu, halafu basi. Kama limefika ukingoni."

"Hao mafundi wengine walilijaribu wapi?"

"Hapo hapo mtaani kwao."

Bisibisi akacheka kwa pua. "Mgonjwa anaumwa akikimbia, wao wanampima amekaa. Nipe ufunguo, dada. Mama, wewe pumzika hapo." Alimwonyesha kiti cha gari kilichong'olewa na kuegemezwa ukutani. Mama alikaa ukingoni mwake, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Walikwenda wakarudi. Bisibisi aliendesha akiwa ameinamisha kichwa, sikio upande wa injini. Kisha akafungua boneti. Klachi haitelezi, alisema, maana injini na magurudumu vinakwenda pamoja. Alilegeza bomba la moshi karibu na injini, akaliwasha gari likapiga kelele kama trekta, akaenda nalo tena mpaka barabarani. Hakuna kilichobadilika, kwa hiyo bomba halijaziba. Alipima msukumo wa mafuta, akaridhika. Alitoa plagi moja, akaikuta na rangi nzuri.

"Injini hii ni nzima," alisema huku akifuta mikono. Hakuonekana kufurahi. "Na gari halina nguvu. Mambo hayo mawili hayakai nyumba moja."

Fundi miwani alikuwa amefundishwa na kazi yake kwamba jicho likiwa zima na mtu haoni, tatizo ni kubwa kuliko miwani.

"Kuna kitu linaficha," Bisibisi aliendelea. "Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Hebu ingia ndani. Usiwashe. Kanyaga mafuta mpaka chini kabisa, ushikilie hapo."

Alikanyaga. Mguu ulifika, ukagota. Mbele, Bisibisi alikuwa amefungua bomba la hewa na kumulika kwa tochi ndani ya koo la injini, mahali penye kile kisahani kinachofunguka kuruhusu hewa iingie.

"Nimesema mpaka chini."

"Ndiyo hapo."

"Dada, huku kimefunguka nusu." Akavuta kwa mkono wake waya unaotoka kwenye pedali, na kisahani kikageuka, njia ya hewa ikawa wazi kabisa. "Mimi nikivuta kinafunguka chote. Wewe ukikanyaga, nusu. Toka nipaone hapo chini."

Alipiga magoti kwenye mlango, akaondoa kapeti la mpira, akafunua zulia. Kisha akamwita fundi miwani atazame mwenyewe.

Chini ya pedali ya mafuta palikuwa na boliti imesimama, imekazwa kwenye bati kwa nati, na juu yake kipande cha mpira kimevishwa ili mguu usisikie chuma. Zulia lilikuwa limekatwa tundu dogo safi, la kupitisha boliti peke yake.

"Hii si bahati mbaya," Bisibisi alisema. "Mtu ameipimia izuie pedali nusu njia. Na mkono wake ni mzuri, sitasema uongo. Gari lilikuwa la nani?"

"La mjomba." Alikuwa tayari ameshatoa simu, na kidole kilikuwa kikikosa herufi kwa hasira. "Ataniambia leo. Amenipa gari aniue?"

"Usimpigie."

Mama alikuwa amesimama. Mkoba ulikuwa umeanguka na hakuwa ameuokota.

"Mjomba wako aliikaza, lakini ni mimi niliyemwomba. Alikataa. Nikamlilia mpaka akakubali. Siku ile nilipokuambia amelichukua akalioshe."

Bisibisi aliwatazama wote wawili, akaokota spana yoyote, akaenda kujishughulisha upande wa pili wa gereji.

Fundi miwani alijua jibu kabla ya kuuliza, ila aliuliza. "Kwa nini?"

"Tulikuwa tumetoka kumzika mdogo wako. Watu hawajaondoka nyumbani vizuri, na wewe unashika ufunguo unasema una shule ya kwenda. Barabara ile ile iliyomuua. Waliniambia alikuwa anakimbia mno. Nikasema huyu aliyebaki hatakimbia."

"Mama, nimebadilisha pampu ya mafuta. Ulikuwa umekaa sebuleni ukinisikia nikilalamika."

"Nilikusikia."

"Na leo? Basi linakuja, unaniambia kanyaga."

Mama alikaa tena kwenye kile kiti kibovu, akajifunika uso kwa mtandio, na mabega yakaanza kutikisika bila sauti. Binti yake hakumwendea. Alitaka, na hakuweza. Alisimama akitazama boliti mpaka macho yakamuuma.

"Itoe," alimwambia Bisibisi.

Ilichukua muda mfupi mno kwa kitu kilichomtesa vile. Bisibisi aliziba tundu, akarudisha zulia, akataka walijaribu gari. Fundi miwani alisema atakwenda peke yake.

Barabarani alikanyaga, na mguu ukaenda mahali ambapo haukuwahi kufika tangu msiba. Gari liliruka. Mgongo ukagandamana na kiti, miti ikaanza kukimbia, na hapo ndipo alipoogopa kweli, kwa mara ya kwanza tangu mdogo wake afe. Mawazoni alimwona akiwa ameshika usukani, akicheka, mguu chini kabisa. Akaachia mafuta. Alisimama kando, akalia mpaka kwikwi zikamwisha, kisha akageuza.

Mama alikuwa mlangoni mwa gereji, ameshika mkoba. "Nitapanda basi," alisema. "Kwa mgonjwa nitafika."

"Ingia, mama."

"Huna haja ya kunichukua."

"Bado nimekasirika, na nitaendelea kukasirika. Ingia."

Wakaondoka. Kilima cha pili kilipoanza, mbele kulikuwa na lori jingine. Fundi miwani alilifuata kwa mbali, akalipita penye njia mbili, bila haraka.

"Nitakwenda polepole kwa hiari yangu," alisema. "Si kwa boliti."

"Hiari yako ndiyo ninayoiogopa," mama alijibu. "Nyote wawili mlikuwa nayo."

Fundi miwani alinyoosha mkono akarekebisha mkanda wa mama uliokuwa umejikunja begani, akarudisha mkono kwenye usukani.

Walipofika, mama mdogo alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni, amekereka. "Chakula kimepoa. Mmekwama wapi?"

"Gari," fundi miwani alisema.

"Si gari," mama alisema. Akavuta kigoda karibu na kitanda, akamshika mdogo wake mkono. "Ni mimi. Kaa usikie nilichomfanyia mtoto huyu."

Fundi miwani aliwaacha. Alikwenda jikoni, akawasha jiko, akaanza kupasha chakula moto, na kupitia mlango alimsikia mama yake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akilitaja jina la mwanawe aliyekufa.