Mafuta ya Sambusa Juu ya Galaksi

Mimi Mwanvua nakaanga sambusa mtaani Buyenzi, na sina subira na mtu anayegusa mafuta yangu. Mwaka ule wa vita, 2003, makombora ya waasi yalitushukia kutoka milimani, na mafuta yalikuwa adimu. Binti yangu Fadhila alikuwa chuo kikuu, akichora ramani ya galaksi kibete, kundi dogo la nyota jirani na letu. Vumbi la mbinguni huificha, aliniambia, lakini kuna darubini zinazopokea mwanga ambao jicho letu haliuoni, na huo hupenya vumbi. Alitumiwa kutoka Ufaransa namba zinazoonyesha mahali pa kila nyota. Umeme wa chuo ulikuwa umekatika, basi akazichora kwa mkono, nukta kwa nukta, kwenye karatasi moja kubwa.

Alasiri moja alirudi macho yamemvimba. Kesho yake ilikuwa siku ya kutetea kazi yake, na Profesa Melchior, msimamizi wake, alikuwa akiihama nchi jioni ya siku hiyo ya kutetea.

"Mama, niliweka magharibi, upande wa Kongo, kushoto."

"Si iko kushoto? Kila mutu anajua."

"Kwa ramani ya chini. Ya mbingu tunaiangalia toka huku chini, magharibi inakuwa kuume. Yangu iko sawa na mu kioo. Profeseri anasema haiwezi kulingana na ramani ya zamani ya nyota hizo."

"Muambie angoje."

"Apana. Mi natetea kesho."

Kisha akainuka, akachukua chupa yangu ya mafuta, akaimimina juu ya galaksi. Nilipiga ukelele, majirani wakadhani kombora limetua. Nilimwita majina ambayo mama Mwislamu hapaswi kuyatamka. Yeye hana habari nami, anapangusa taratibu kwa kitambaa. Akaigeuza karatasi.

Aliyewahi kula sambusa zangu anajua karatasi ikilowa mafuta hupitisha mwanga. Nyota zote zilionekana kwa nyuma, na Kongo imehamia kuume. Nikaacha kumtukana, ingawa hasira ilikuwepo bado.

Asubuhi nilimsindikiza chuoni, kwa kuwa niliogopa. Tukiwa ukumbini kombora lilianguka upande wa mtaa wa Kibenga, madirisha yakatetemeka, mwalimu mmoja akaanza kukusanya vitabu vyake. Fadhila hakugeuka. Alilaza karatasi yake juu ya ramani ya zamani, iliyochorwa kwa mwanga wa kawaida, akaisogeza kidogo. Nyota zikakaa juu ya nyota. Ramani ya zamani ilikomea penye vumbi. Yake iliendelea mbele, mkia mrefu wa nukta mpaka ukingoni mwa karatasi.

Profesa Melchior akainama, akanusa.

"Hii inanuka nini?"

"Sambusa, Profeseri. Niendelee?"

Yule mwalimu mwingine alirudisha vitabu mezani, akaketi. Mimi kule nyuma nilikuwa nalia waziwazi.

"Endelea," akasema Profesa.