Mbunge Kipofu Kwenye Malisho ya Harrowmere

Lodi, bwana mkubwa mwenye mashamba, alipozungusha uzio kwenye malisho ya pamoja ya kijiji cha Harrowmere, Uingereza, aliyeumia kuliko wote ni Tabitha Crouch, mjane aliyeishi kwa kufuga mabata bukini. Akasikia kuna mbunge, Ambrose Thackley, anayetetea malisho ya maskini. Akamwomba kasisi amwandikie barua.

Wiki mbili baadaye mbunge akateremka kwenye garimoshi, mrefu kama mlingoti, ameshikwa mkono na mkewe, Louisa, mwenye daftari kwapani. Tabitha, aliyekuja kumpokea, akamkodolea macho.

"Umenyamaza, mama," Thackley akasema. "Hawakukwambia kuwa sioni?"

"Hawakuniambia, mheshimiwa."

"Chokaa iliniingia machoni nikiwa kijana. Nikalia miezi mitatu, mwisho nikachoka kulia. Haya, twende malishoni."

Alitembea kwa kasi mpaka Tabitha akawa anatweta. Kwenye uzio walimkuta Pryor, msimamizi wa mashamba ya lodi, amejishika kiuno.

"Umesumbuka bure, mheshimiwa. Ardhi hii ni ya lodi. Hakuna mtu aliyewahi kulisha mifugo hapa."

Thackley akapiga hatua mbili, buti likateleza. Akanusa hewa.

"Louisa, nimekanyaga nini?"

"Mavi ya bata, mume wangu. Bado mabichi."

Tabitha akataka ardhi immeze. Asubuhi ile ile alikuwa amewapenyeza mabata wake chini ya uzio.

"Ni ya huyu mama!" Pryor akafoka. "Mkaidi! Miaka ishirini namfukuza hapa na mabata wake, na kabla yangu baba yangu alikuwa akimfukuza mama yake!"

"Miaka ishirini," Thackley akasema taratibu. "Na mama yake pia. Louisa, umeandika?"

"Neno kwa neno."

Pryor akatambua alichokiri, lakini alikuwa amechelewa. Thackley akacheka hadi akashika uzio asianguke, na Tabitha naye kicheko kikamponyoka.

Maneno hayo yalisomwa mbele ya kamati ya Bunge, kuwa ushahidi kwamba wanakijiji walilisha hapo tangu zamani, na Tabitha akaenda London kuyathibitisha, amevaa kofia ya kuazima. Masika yaliyofuata uzio ukang'olewa.

Thackley alifariki miaka tisa baadaye. Wakubwa wa mjini walimchongea sanamu. Wanakijiji wa Harrowmere wao walichagua Jumamosi moja ya mwezi Mei kumkumbuka, wakapeleka mikate, jibini na pombe malishoni, wakacheza ngoma mpaka jioni. Louisa alialikwa. Tabitha, miaka sabini kichwani, ndiye aliyemvuta katikati wacheze.