A Nne za Mama Wino

Nimepita miji mingi, na karibu yote niliiacha kabla sijajua kikombe changu ni kipi. Kwa Mama Wino nilikijua: kile kisicho na mkono.

Alikuwa mjane, na karakana yake ilichapa matangazo ya ukutani. Mali yake kubwa ilikuwa seti ya herufi za mbao za zamani, kila moja kubwa kama kiganja. Nene! Zina matumbo, zimevaa visigino, mikia imejikunja kana kwamba zinakwenda harusini. Ukizitazama unacheka hata kama umefiwa.

Shida ilikuwa A. Walikozichonga, lugha yao haili A nyingi, wakatia nne tu. Yetu inazila kama moto na nyasi kavu. Tangazo la MATANDIKO, VITANDA NA MAKABATI lilitaka nane. Basi karatasi ilipita mashineni mara mbili: tunachapa, tunaanika, tunaondoa herufi zote, kisha A nne zinarudi peke yao kujaza nafasi zilizobaki wazi. Mara ya kwanza Mama Wino aliweza mwenyewe. Ya pili ilitaka watu wawili, yeye pembe hii, mimi pembe ile, la sivyo A zinawapanda wenzao mgongoni.

Hapo ndipo tulipokuwa tukiongea, naye akiniita Mzee Miguu kwa kuzurura kwangu.

"Mzee Miguu, shusha kwako. Shusha! Au macho nayo yamesafiri?"

"Nimeshusha, mama. Wewe ndiye umepanda."

"Nipande wapi na magoti haya?"

Siku moja akanikuta nachonga kijiti, napoteza muda.

"Kumbe mkono unao! Nichongee A nne nyingine, tuondokane na hii taabu ya mara mbili."

Nikasema haya. Ningesema nini? Kwamba taabu ikiisha, na mimi nimekwisha?

Nikachonga kwa mwendo wa kobe. Kila asubuhi anakuja kuchungulia.

"A moja wiki nzima? Unachonga au unalea?"

"Mkia wake mgumu."

"Mkia! Sema una lako jambo."

Nilikuwa nalo. Nilingoja aliseme yeye: kaa. Ningeweza kuziharibu, lakini mkono uliozoea kazi haujui kuharibu. Zikatoka zimenona, na visigino vyao. Alipozichanganya na za zamani hakuzitambua tena, akapiga makofi.

"Ndugu yangu, Mungu akupe maisha!"

Akachapa. Nilisimama pembe yangu, mikono mbele. Karatasi ikatoka imekamilika, haikunijia. Ya pili hivyo hivyo. Alikuwa akiimba kidogo. Sikuwahi kumsikia akiimba.

"Sasa utapumzika," akasema.

"Nitapumzika."

Nikabeba mkoba. Mlangoni nikamwambia naenda zangu. Mashine ilikuwa inapiga kelele, sijui alisikia lipi.

"Funga mlango," akasema bila kuinua macho, "vumbi linanata kwenye wino."

Nikaufunga, mimi nikiwa nje.